Namba Kumi na Nne Niliyoifuta

Mwanangu Tuse,

Barua za watu waliosoma huanza kwa kusema mwandishi ni mzima wa afya na wasiwasi wake uko kwako wewe uliye mbali. Mie si mzima, goti la kulia tangu juzi linalia kama mlango wa bafu letu. Na wewe hauko mbali, uko Kinyerezi kwa shangazi yako unaagwa kwa pilau. Basi lenyewe la Mwanza ni la kesho alfajiri. Mama yako yuko uani anakukaangia visheti vya njiani, vya kutosha kulisha abiria wote na dereva wao. Mie nimejifungia kwenye chumba cha vyombo, nimesema natengeneza waya. Sitengenezi waya wowote. Naandika.

Mwandiko utauvumilia. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, inategemea unamuuliza nani. Pakikushinda kusoma, pasome kwa sauti, mie huandika kama ninavyoongea kwa sababu namna nyingine siijui.

Mambo ya kufunga mlango mara mbili, kutomwamini mtu anayecheka kabla hujasema kitu, kuchemsha maji, hayo mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena kupitia dirisha la basi mpaka kondakta amwombe apunguze. Mie sina cha kuongeza hapo. Mie ni yule aliyelala na dirisha wazi Temeke akaibiwa suruali, na asubuhi nikaiona suruali yangu imevaliwa na jirani, tena inamkaa kuliko ilivyonikaa mie. Mtu wa namna hiyo atakufundisha nini kuhusu madirisha?

Nina jambo moja tu. Nimelizunguka miaka saba. Usicheke mapema ukadhani ni utani wangu wa kila siku, ingawa najijua, nitatania tu humo njiani, mdomo wangu haujui kwenda sehemu ngumu bila kucheza.

Ni kuhusu siku ile ya Kawe.

Nianze na ile mashine ya efekti, ile nyeusi iliyobonyea kona. Wewe unaijua kuliko mie, lakini nataka niieleze kama namweleza hakimu, asije mtu akasema nilifanya bila kujua. Maiki inaingia huku, sauti inatokea kule ikiwa imevalishwa: eko, uzito, ukali, chochote. Ndani yake kuna nafasi mia moja zenye namba, na kila namba inatunza vazi moja. Ukiichagua namba ukaanza kuzungusha vitufe, mashine haikasiriki, inakuacha uchezee utakavyo, na lile vazi la mwanzo linabaki salama ndani. Halafu kuna kile kitufe cha kompea, cha kulinganisha. Mie mwaka wa kwanza nilidhani Kompea ni jina la mwenye kiwanda. Ukishabadilisha kitu, taa yake inawaka. Ukikibonyeza unasikia ile ya zamani iliyotunzwa. Ukikibonyeza tena unasikia hii unayoichokonoa sasa. Ya zamani, mpya, ya zamani, mpya, kama mwanamke dukani anavyojiwekea kitenge hiki begani, halafu kile, mpaka muuzaji anachoka.

Lakini ukishasevu mahali palepale, basi. Ile mpya imekaa kwenye kiti cha ile ya zamani, na ya zamani haipo tena popote duniani. Taa ya kompea inazimika. Bonyeza mpaka kucha ikatike, hakuna cha kulinganisha.

Hayo yote niliyajua, Tuse. Nani alikufundisha wewe? Si mie?

Na unajua kwa nini nilikufundisha? Yule bosi wangu wa Temeke tuliyemwita Kibonge, nilipoanza kumbebea spika, alikuwa amebandika utepe mweusi juu ya maandishi yote ya miksa na ya mashine. Kila kitufe kilikuwa kipofu. Nikamuuliza, "Bosi, hii ni ya nini?" Akasema, "Wewe umeletwa na mgongo wako. Kichwa ungekiacha kwenu Tukuyu." Miaka minne nilibeba. Alipokuwa analala mchana nilikuwa nabandua utepe kidogo kwa ukucha, nasoma neno moja, naurudishia. Neno moja kwa siku. Kiingereza changu chote nilichonacho nimekiiba chini ya utepe wa Kibonge, ndiyo maana nikiongea na Mzungu naonekana kama nataka kumrekebisha besi.

Nikaapa. Nilisema nikipata vyombo vyangu, mtoto wangu hatabandikiwa kitu. Na hapo angalau sikusema uongo. Ulikuwa darasa la pili unakaa juu ya boksi la spika miguu haifiki chini, nakwambia hiki ni hiki, kile ni kile, na wewe unaniuliza, "Kwa nini, Baba?" mpaka naishiwa, naenda kununua soda ili nipumzike. Watu walinicheka, eti Mzee Mwangwi anafundisha mtoto wa kike kubeba waya. Nikawajibu wana wivu. Nilikuwaga na majibu mazuri sana nilipokuwa naongelea wivu wa watu wengine.

Ukamaliza kidato cha nne. Tukawa tunasubiri matokeo, na wewe ukajifungia humu humu chumbani na mashine. Wiki ya kwanza nikadhani unacheza. Wiki ya tatu mama yako akasema, "Huyu mtoto anaimba mstari mmoja tangu asubuhi, ataniua." Halafu jioni moja ukatoa kichwa mlangoni, nywele zimejaa vumbi la spika, ukaniambia, "Baba, njoo usikie. Nimeiweka kumi na nne."

Nikaja. Ukaimba mistari miwili ya ile nyimbo ya kwaya ya mama yako.

Nikwambie nilichosikia, maana siku ile sikukwambia. Miaka thelathini mie nimefanya muziki wa sherehe. Jina la Mzee Mwangwi sikupewa bure. Kila mwimbaji aliyepita kwangu nimemzamisha kwenye eko mpaka ukimsikia unadhani anaimba ndani ya tangi la maji. Nilidhani huo ndio utaalamu. Na wewe, mtoto wa miaka kumi na saba, ulikuwa umeondoa karibu kila kitu. Sauti ilikuwa karibu, kama mtu amekaa kwenye kochi anakuambia siri. Pumzi ilisikika. Kile kimkwaruzo chako, ambacho mie ningekifuta haraka sana, ulikuwa umekiacha, tena umekiinua kidogo. Na eko ilikuwepo, lakini ndogo mno, mtu asingejua ipo mpaka uiondoe.

Mama yako alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Nani kaja?" Alidhani kuna mgeni ameingia ndani ya nyumba.

Na mie, baba yako, fundi, nilisema nini? Unakumbuka? Nilisema, "Si mbaya. Eko haitoshi."

Kisha nikatoka nikaenda chooni, nikasimama humo bila haja yoyote. Nilisimama muda mrefu mpaka mama yako akapiga hodi kuuliza kama tumbo limenikamata. Nikasema ndiyo. Haikuwa tumbo.

Sasa Kawe. Ile sendofu ya binti wa rafiki yake shangazi, ukumbi ule wenye mapazia ya zambarau. Ulitakiwa uimbe wimbo mmoja tu, bibi harusi mtarajiwa anapoingia. Mchana tukajaribu vyombo, ukasimama na maiki ukaimba ukiwa bado na kanga kiunoni na kandambili. Watu waliokuwa wanapamba viti wakaacha kupamba. MC akaja kwangu, yule kijana mwenye koti la kumeta, akanigonga bega. "Mzee Mwangwi, leo sauti kaipanga nani?"

Nikasema, "Mwanangu."

Akasema, "Basi wewe pumzika sasa, Mzee. Umeshapata wa kukustaafisha."

Wote wakacheka. Mie ndiye niliyecheka kwa nguvu kuliko wote. Ungeniangalia vizuri, ungeona kuwa meno yalikuwa nje lakini macho hayakuwepo kwenye kicheko hicho.

Ukaenda kuvaa. Ukumbi ukabaki na mie na mashine na mama mmoja aliyekuwa anajaza puto kwa pampu. Nikaichagua kumi na nne. Nikajiambia naangalia tu. Nikaongeza eko. Nikaweka kile kinyoosha sauti. Nikaifanya sauti kuwa mbili mbili, nene, kama redio. Taa ya kompea ikawaka. Nikashika maiki, nikasema, "Moja, mbili, moja, mbili," kwa sauti yangu hii ya chura.

Nikabonyeza. Yako. Hata mie chura nilisikika mtu. Nikabonyeza. Yangu. Nilisikika tangazo la mnada.

Nikabonyeza tena, na tena, labda mara sita. Yule mama wa puto akainua kichwa akasema, "Mzee, hiyo ya kwanza ndiyo nzuri." Hata mpuliza puto alijua, Tuse! Na mie nilijua kumzidi. Sikudanganywa na sikio. Sikio langu, pamoja na uzee wake, siku ile lilifanya kazi sawasawa. Likanipa jibu la wazi, na mie nikalipuuza.

Kitu ninachotaka usikie vizuri ni hiki. Kumi na tano ilikuwa tupu. Kumi na sita tupu. Kulikuwa na nafasi sabini na kitu hazina mtu. Kama kweli nilidhani naboresha, ningeiweka ya kwangu kumi na tano, nikakuacha uchague. Sikuiweka kumi na tano. Nilisevu juu ya yako, palepale, kumi na nne. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika, maana ile mashine huwa inauliza, ina adabu kuliko mie. Nikabonyeza ndiyo.

Taa ikazimika.

Ukarudi umevaa lile gauni la kijani. Ulikuwa na furaha ya kijinga, ile furaha ya mtu anayejua kitu chake kiko tayari. Bibi harusi akasimama mlangoni, watu wakasimama, ukaimba neno la kwanza. Nikakuona unashtuka. Sauti iliyotoka kwenye spika haikuwa yako. Ukaendelea kuimba huku unainama taratibu, kidole kikaenda kwenye kompea. Ukabonyeza. Hamna. Ukabonyeza tena. Mara ya tatu maneno yakakupotea, ukasimama katikati ya mstari na ukumbi mzima umekukodolea macho, na yule binti mlangoni mguu mmoja mbele hajui aendelee au arudi.

MC akaokoa jahazi, "Makofi kwa mtoto jamani, aibu ya kwanza hiyo!" Ukamalizia wimbo ukiangalia sakafu.

Mie nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Ningeweza kuja. Nilijishughulisha na waya.

Tulipokuwa tunapakia vyombo kwenye pikapu ukanifuata. Nayakumbuka maneno hayo kama niliyarekodi.

"Baba, kumi na nne umeigusa?"

"Niiguse ya nini?"

"Nimebonyeza kompea haijarudi."

"Itarudije na wewe jana umesevu ovyo? Si nilikwambia usicheze na kile kitufe ukiwa na usingizi?"

"Asubuhi niliisikiliza, Baba. Ilikuwa sawa."

"Ulidhani iko sawa. Sikio lako bado bichi, Tuse. Na siyo kila mtu kapewa sikio. Sikio halifundishwi."

Ukafunga kamba ya turubai, fundo moja, la pili. Halafu ukasema, "Basi sawa. Samahani kwa kukuaibisha, Baba."

Ukaniomba msamaha. Na mie nikaupokea. Nikakuambia, "Usijali, ndiyo kujifunza."

Niliigusa, Tuse. Ni mie. Hukusevu vibaya. Hukuwahi kukosea kitufe hata kimoja siku ile wala siku iliyotangulia. Ulichokisikia asubuhi kilikuwa sawa kama ulivyosikia. Nimeliandika hili polepole lisomeke hata na mtu aliyeacha shule darasa la tano.

Kibonge alinibandikia utepe kwenye vitufe. Nilimchukia kwa hilo mpaka alipokufa, hata msibani kwake nilienda kula tu. Lakini utepe unabanduka. Mie nilikupa vitufe vyote vikiwa wazi, halafu nikaja kubandika kwenye sikio lako lenyewe, mahali ambapo ukucha haufiki. Siku zote nilijiona bora kuliko yule mtu mnene. Sasa nikimwota namwona ananicheka.

Baada ya hapo hukuigusa tena mashine. Nilisubiri uiguse. Kila nikipakia vyombo nilikuwa naiacha mezani makusudi, kama mtu anayemtegea paka samaki. Ulipita kando yake ukaenda kufagia. Ulikuwa umeshaulizia ile kozi ya studio, fomu ulikuwa nayo kwenye daftari, nilishaiona. Ukaichukua ile ya utunzaji wa stoo. Ukasema ni kitu cha uhakika. Nikakuunga mkono haraka haraka, nikakununulia na begi.

Mwanza si kosa. Kutunza stoo ya dawa kule ni kazi ya heshima, na mtu anayejua kila boksi liko wapi ni mtu wa maana, muulize mama yako anavyonitafutia miwani iliyo usoni pangu. Labda ungekwenda huko huko hata bila mie kufanya nilichofanya. Sijui. Ubaya ndio huo, sijui na wewe hujui, kwa sababu niliifuta ile ya zamani na sasa hatuna cha kulinganisha nacho.

Nilijaribu kuirudisha. Hilo hujui. Kila ukienda chuoni nilikuwa naingia humu nafungua kumi na nne nazungusha. Punguza eko, ondoa kinyoosha, inua sauti za katikati. Nashika maiki naimba mstari wa kwaya. Siku moja mama yako akafungua mlango akanikuta naimba kwa sauti nyembamba kama ya kwako, shingo nimeinua, macho nimefumba. Alitazama kidogo akasema, "Dawa za presha umemeza leo?" akafunga mlango.

Nimefika karibu. Mara moja nilifika karibu sana nikaanza kucheka peke yangu. Lakini kesho yake nikisikiliza, wapi. Kila nikiipeleka huku inakuwa baridi, nikiipeleka kule inakuwa tangi la maji. Na huo ndio ushahidi kama unautaka. Mzee mwenye miaka thelathini na kitu kazini ameshindwa miaka saba kutengeneza kitu ulichotengeneza kwa wiki tatu, ukiwa na vumbi kichwani, ukila mihogo ya kukaanga juu ya miksa yangu. Nani hana sikio hapo?

Ningeendelea kunyamaza. Nisikudanganye tena, ningenyamaza mpaka kaburini, mie ni mwoga wa kiwango cha juu. Lakini mwezi uliopita alikuja yule dada wa kwaya, akakuomba mezani mbele yetu, "Tuse, tunarekodi Jumamosi, fundi wetu kaumwa, mama yako anasema ulikuwaga unajua. Utusaidie kukaa kwenye miksa." Na wewe ukacheka. Ulicheka kabisa, ukachota mboga, ukasema, "Dada, mie sina sikio. Baba alishaniambia zamani, tangu Kawe. Muulize."

Akanigeukia. Mama yako akanigeukia. Nikaweka tonge kubwa mdomoni, nikatikisa kichwa, kutikisa kule ambako mtu anaweza kukuelewa anavyotaka.

Ulilisema bila uchungu wowote. Hilo ndilo lililoninyima raha. Ungelisema kwa hasira ningejua bado unabishana nalo. Ulilisema kama mtu anavyosema yeye ni mrefu, au ana damu ya kundi fulani. Neno nililolitunga ndani ya dakika moja kando ya pikapu ili nisifumaniwe, wewe umelibeba kama jambo la kweli, umepanga maisha kulizunguka, na kesho unalipeleka Mwanza.

Nikuombe kitu kimoja kuhusu huko uendako, na si agizo, mie si mtu wa kutoa maagizo tena. Watu wa kukuambia huna hiki na huna kile hawatakuja wamekunja uso. Watakuja wanakusaidia kufunga turubai. Mie nilikuwa nakupenda siku ile. Nilikuwa nakupenda wakati mdomo unasema. Ndicho kinachonitisha, kwamba mtu anaweza kukupenda na bado asitake umpite, na akatumia upendo huohuo kukurudisha nyuma, kwa sababu ndio mkono ulio karibu. Kwa hiyo akikuambia mtu unayempenda kwamba huwezi kitu, msikilize, ndiyo, lakini mtazame naye alikuwa amesimama wapi wakati anasema.

Basi. Ishu ni hiyo.

Nilimwambia mama yako jana mchana. Nilianza naye kwa sababu yeye nimemzoea. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, mie nasema yeye anatoa mawe, halafu akaweka ungo chini.

"Miaka saba," akasema, "miaka saba namwambia huyu mtoto asiwe mwoga wa bure, najiuliza uoga huu kautoa kwa nani kwenye ukoo wetu. Kumbe umeingia nao wewe kutoka kwenye sherehe."

Nikajaribu utani, nikasema angalau nimeleta kitu nyumbani. Hakucheka. Tangu jana haniiti Baba Tuse. Ananiita "wewe". "Wewe, chakula kipo." "Wewe, sogeza mguu."

Nikamwambia nitaandika barua, nitaitia kwenye begi chini ya visheti. Utaikuta ukifika mbali, labda Singida huko, utakuwa umetulia. Nilidhani atanisifu kwa kupata akili. Aliniangalia mpaka nikatamani kurudi kule chooni.

"Yaani akalie kwenye basi, kabanwa na watu baki, hana hata wa kumrushia kiatu? Ulipomdanganya ulikuwa umesimama mbele yake unamtazama. Na hili mwambie ukiwa umesimama hapo hapo."

Nikasema kwa mdomo siwezi, nitaharibu, nitaanza mizaha nitafika mwisho sijasema kitu.

"Basi andika," akasema, "lakini utampa mkononi, na utakaa mbele yake mpaka amalize. Usitoke hata kujisaidia."

Kwa hiyo karatasi hizi hazitaingia kwenye begi. Utazipata leo, kukiwa bado na mwanga, ukiwa bado chini ya paa hili, ukiwa na usiku mzima wa kunitukana kama utataka. Sikuombi unisamehe. Siku ile ya Kawe uliniomba msamaha ambao hukuwa unadaiwa, na mie nikauchukua, kwa hiyo kwenye masuala ya msamaha mie kwa sasa sina mdomo. Kama kesho utataka nisikusindikize stendi, sema, mama yako atakwenda na mie nitabaki nakunja waya. Ukitaka niende, nitabeba begi na sitasema neno. Najua hutaamini hilo la kutosema neno.

Nasikia bodaboda inazima injini nje ya geti. Mama yako anakupokea, anacheka na wewe, anauliza pilau lilikuwa na nyama au lilikuwa la jina tu. Sasa ananiita. "Wewe, mtoto kaja."

Nakuja nazo. Kaa kwenye kochi. Mie nitakaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele yako, na sitaangalia sakafu.

Baba yako